Saa Sita za Kulaza Simu

Stendi ya Bunda siku hiyo ilikuwa haipitiki. Wapiga debe waligombania abiria wa Musoma kana kwamba abiria wenyewe hawana miguu, magunia ya pamba yamepangwa mpaka mlangoni mwa kibanda cha tiketi, na mama muuza karanga alikuwa akimfokea kijana wa bodaboda aliyemkanyagia ndoo. Kwenye benchi moja la mbao, katikati ya vurugu hiyo, alikaa Enos. Shati lake la drafti lilikuwa limemganda mgongoni kwa jasho, na hasira alizokuwa nazo zilitosha watu wawili. Alitafuta namba aliyopewa asubuhi, akapiga.

"Haloo, naongea na Jicho?"

"Ndiye. Nani mwenzangu?"

"Mimi Enos, wa Musoma. Yule unayemkataliaga vesheni zake za programu."

"Sijawahi kukukatalia. Nimeandika 'sijapima.' Mara mbili nimeandika."

"Si ndiyo hayo hayo?"

"Siyo hayo hayo. Simu ilikuwa haijamaliza saa sita. Mtu ambaye hajapima hapigi kura, sera inasema hivyo, na sera umeisoma."

Enos aliziba sikio la pili kwa kidole, maana aliona sauti kama inamjia kutoka pande mbili. "Dada yangu, sera ni karatasi! Kuna watu wanasubiri kazi yangu huku ziwani. Wewe una roho ngumu sijapata kuona."

"Basi geuka uione."

Akageuka. Pembeni yake, kwenye benchi lile lile, alikaa msichana mwenye gauni la kitenge cha njano na raba nyeupe, simu sikioni. Mapajani alikuwa na simu nyingine, ya bei ya chini kabisa, kioo kimepasuka na mgongo umefungwa kwa rababendi. Alikuwa anajizuia kucheka na hawezi.

"Ndiyo nini sasa?" Enos akauliza, bado anaongea kwenye simu.

"Kata kwanza, unamaliza salio," akajibu msichana, ambaye jina lake la nyumbani lilikuwa Nyangi.

Basi la Musoma liliita, likajaa, likaondoka. Enos hakulipanda.

Tuseme kidogo kilichowaunganisha, maana hawa hawakujuana kwa sura wala kwa ukoo. Wote wawili walikuwa wa jumuiya ya Kengele ya Ziwa, programu ya simu inayopiga kelele pale upepo mbaya unapokuja, ili mvuvi awahi nchi kavu. Ilikuwa programu huria: msimbo wake uko wazi, yeyote anausoma, anaurekebisha, na hakuna anayelipwa. Watu kumi na wawili, wengine Musoma, wengine Mwanza na Kisumu, walikuwa wakiijenga baada ya kazi zao. Enos aliuza na kutengeneza simu mtaa wa Mukendo, Musoma. Nyangi, mzaliwa wa Butiama aliyejiita Jicho kwenye jumuiya, alikuwa na duka la kuchapa na kutoa kopi Manyamanyama, pale Bunda.

Kwa kuwa hakuna bosi, walikuwa na sera. Toleo jipya halitoki mpaka lipate kura tatu za watu waliolipima kwa mikono yao. Kura zinakaa wazi saa sabini na mbili, zisipotimia mnaanza upya. Na kura moja kati ya hizo lazima iwe ya mtu aliyelaza simu. Kulaza simu ni hivi: unachukua simu kama zile wanazotumia wavuvi, unaweka programu mpya, unazima kioo, unaiacha saa sita nzima bila kuigusa. Halafu unatuma tahadhari ya uongo. Ikilia, unapiga kura. Mlaza simu wa jumuiya alikuwa Nyangi, na ile simu yenye rababendi ilikuwa inalala dukani kwake, juu ya mashine ya kopi. Siku ile alikuwa ameitoa mara moja tu kwenda kuinunulia betri.

"Kwa hiyo ukiilaza unafanyaga nini saa sita zote?" Enos akamuuliza siku hiyo hiyo, soda mkononi.

"Naingojea."

"Peke yako?"

"Ulitaka niingojee na nani?"

Mwezi uliofuata Enos alikuwa anakuja Bunda kila toleo dogo linapotoka, kuja kungojea. Walikaa nyuma ya kaunta, simu imelala juu ya mashine, wao wanakula mihogo ya kukaanga na kuteta. Simu ikilia, wote wawili walishtuka kana kwamba wamefumaniwa. Siku moja ilipolia, Enos alikuwa amemshika mkono, na hakuuachia.

"Imelia," Nyangi akanong'ona.

"Nimesikia. Andika."

"Niachie mkono niandike."

"Andika na wa kushoto."

Kwa simu walikuwa hawamalizi maneno. "Jicho langu, umekula?" "Nimekula." "Umekula nini?" "Dagaa." "Za kwetu au za kununua?" "Za kwenu ndiyo za kununua, kwani umewahi kuniletea?" Kesho yake dagaa zilikuja na kondakta, kilo tatu, zimefungwa kwenye mfuko wenye jina lake. Jenipher, mwenye saluni mlango wa pili, alizitazama akasema hizo siyo dagaa tena, hiyo ni barua.

Mwezi wa kumi na moja Enos akamaliza toleo kubwa. Wavuvi walikuwa wamelalamika muda mrefu kwamba Kengele inakula chaji, nao wakishaingia ziwani hawana pa kuchajia. Enos akaipunguzia ulaji huo kwa zaidi ya nusu. Kijijini kwao Busekera, kwenye rasi, ukapangwa mkutano wa Jumamosi mwaloni, pale mitumbwi inapotia nanga, simu arobaini ziwekewe toleo jipya. Na kwa kuwa watu wangekuwa wamekusanyika, mama yake akasema na huyo binti wa Bunda aje siku hiyo hiyo, tumwone.

Nyangi hakulala siku mbili. Alitafuta kitambaa cha bluu, akakishonesha gauni lenye mikono ya kujaa, akakopa hereni. Ijumaa saa nne asubuhi alikaa kwenye kiti cha Jenipher kusukwa rasta nyembamba, zile zinazomaliza siku nzima. Alikuwa amekusudia kulaza simu kabla ya kutoka. Alipokumbuka, kichwa kilikuwa nusu, na simu ya rababendi ilikuwa juu ya mashine ya kopi, haina chaji. Akajiambia muda bado upo, bila kuzihesabu saa. Saa kumi jioni Enos akapiga.

"Mpenzi, imebaki saa moja kura zifungwe. Mbili zimeingia. Imebaki yako tu."

"Enos..."

"Zisipotimia tunaanza upya, na kesho watu wako mwaloni. Mama ameshachinja kuku. Umelaza simu?"

Jenipher alikuwa anavuta nywele za kisogoni, anacheka na mteja mwingine aliyekaa chini ya mashine ya kukaushia nywele, inanguruma. Hapa palihitajika neno moja tu, lile lile ambalo Nyangi alikuwa ameliandika mara mbili bila woga wakati Enos hajawa kitu kwake.

"Nimelaza," akasema.

"Na imelia?"

"Imelia."

Enos akavuta pumzi. "Sawa. Piga kura basi, Jicho langu. Kesho saa tatu nakupokea stendi ya Bweri."

Vidole vya Nyangi vilikuwa na mafuta ya nywele, vikateleza kwenye kioo. Akaandika: *Naunga mkono. Nimepima kwa mkono wangu. Simu imelala saa sita, imelia.* Akatuma.

"Simu gani hiyo iliyolia?" Jenipher akauliza juu ya kichwa chake. "Mbona mimi sijaisikia?"

"Suka, Jenipher."

Mkutano wa Busekera ulikuwa wa kupendeza, lazima tuseme. Nyangi alishuka na gauni lake la bluu, upepo ukalichezea, wanawake wakaguna kwa kuridhika. Mama yake Enos alimpokea kwa mikono miwili, akampakulia ugali wa muhogo na sato wa kuchemsha, akamtengea kichwa cha samaki. Simu arobaini zikapangwa kwenye turubai, moja moja zikawekewa toleo jipya, na kila mwenye simu akapiga makofi ilipofika zamu yake.

Kaka mkubwa wa Enos, Burito, alikuwa mtu wa mabega mapana na maneno mengi. "Shemeji, kumbe ni wewe unayemnyimaga mdogo wangu kura?"

"Akistahili nampa, shemeji."

"Basi mpe na ya kuolea, tumalize!" Watu wakacheka. Burito akatoa simu yake mfukoni, akamsogezea. "Ila nikuulize kweli. Mimi masikio yameliwa na injini. Hii italia kweli?"

Nyangi alimtazama usoni. Uso wenyewe ulikuwa mwema, una kovu dogo juu ya nyusi.

"Italia, shemeji."

Akaisogeza sahani pembeni. Tangu hapo hakusikia tena utamu wa siku ile, alitabasamu tu kila alipotakiwa. Alijiambia akirudi Bunda atapima mara moja, atajua kweli inalia, na uongo wake utakuwa umegeuka ukweli uliochelewa. Jumapili umeme ulikuwa umekatika Manyamanyama nzima. Jumatatu duka lilijaa wanafunzi. Jumanne saa mbili asubuhi akailaza.

Saa nane mchana akatuma tahadhari ya uongo. Simu ya rababendi ikakaa kimya. Akatuma tena, kimya. Akaigusa kioo, ikawaka, na hapo ndipo ikalia mfululizo, imechelewa. Enos alikuwa ameipunguzia programu ulaji wa chaji kiasi kwamba simu za bei ya chini, zikilala muda mrefu, zilikuwa zinaiua kengele zenyewe. Kasoro hiyo ingeonekana Ijumaa kwa mtu yeyote aliyengoja saa sita.

Alifungua ukurasa wa jumuiya akaandika, "Toleo hili lina kasoro." Akafuta. Wangemuuliza amejuaje leo wakati Ijumaa ililia. Akaandika tena, akafuta tena. Dakika kumi zilipita hivyo. Simu yake nyingine ikaita.

"Nyangi," Enos alikuwa analia. "Burito. Upepo umewapiga saa saba, mtumbwi umetupwa kwenye mawe. Njoo Musoma, njoo hospitali."

Burito alipona. Mwenzake aliyekuwa naye aliogelea akatoka mzima. Lakini mkono wa kulia wa Burito ulibanwa kati ya ubao na jiwe, na vidole viwili havikurudi.

Nyangi aliingia wodini kesho yake na chupa ya uji. Mama alikuwa amekaa sakafuni, kanga kichwani. Enos alisimama upande wa kichwa cha kitanda, macho mekundu, naye na Burito walikuwa wanabishana.

"Kaka, ulizima sauti. Kubali tu, yaishe."

"Sikuzima. Simu ilikuwa hapa kifuani, kwenye nailoni. Haikulia."

"Haiwezekani! Nyangi ameilaza saa sita, ikalia. Nyangi! Mtu ambaye alininyima kura mara mbili kwa dakika chache tu! Sasa ama uliizima sauti, ama ulikuwa umesinzia."

"Kwa hiyo mimi muongo," akasema Burito polepole. "Mwaloni wanasema nilikuwa nimelewa. Na wewe, mura, mdogo wangu, unasema muongo. Sawa."

Akamgeukia Nyangi. "Shemeji, ulisema italia."

Nyangi alifungua mdomo. Mama alimwangalia, Enos alimwangalia. Uji ulikuwa wa moto, chupa inamuunguza viganja. Akasema, "Pole, shemeji," akaweka chupa mezani, akatoka nje. Kwenye korido alishika ukuta mpaka nesi akamuuliza kama naye ni mgonjwa.

Jioni ile Prudence, mama wa makamo wa Musoma aliyekuwa mlezi wa sera ya jumuiya, aliliondoa toleo lile na kurudisha la zamani kwenye simu zote arobaini. Hivyo ndivyo sera ilivyoagiza, ajali ikitokea ondoa kwanza, uliza baadaye. Sasa ilibaki ripoti. Na ripoti za Kengele ya Ziwa zilikuwa na desturi yake: hazimtaji mkosaji kwa jina wala hazimtukani mtu, zinasema tu kilichotokea. Ila kila aliyepiga kura anasaini mstari wake mwenyewe. Walipewa siku saba.

Nyangi akafunga duka, akaenda kwa mama yake Butiama. Enos alipiga, hakupokea. Akaandika: *Jicho, umekula?* Hakujibu. *Jicho, nimekukosea nini?* Hakujibu. Kila ujumbe ulimchoma, kwa sababu kila ujumbe ulikuwa mzuri. Alitamani angemtukana.

Siku ya sita alikuwa amekaa nyuma ya nyumba, anafumua rasta zake moja moja kwa kitana, bodaboda ilipoingia uani. Enos alishuka, amekonda, kompyuta kwapani. Mama yake Nyangi alimsalimia, akaelewa hali ya hewa, akaenda kuanua muhogo ambao ulikuwa bado haujakauka.

"Kama unaniacha, niambie," Enos alianza akiwa bado amesimama. "Kama unaona nyumba yetu ina mkosi, sema. Siyo kunizimia simu."

"Sijakuacha."

"Basi nini? Nyangi, mimi siku hizi sina mtu. Kaka hasemi na mimi. Mama anaacha chakula changu mlangoni. Uliyebaki ni wewe." Akafungua kompyuta, akaiweka kwenye kigoda mbele yake. "Ripoti nimeandika. Soma, usaini mstari wako, tuimalize hii."

Akasoma. *Sababu ya ajali: mtumiaji alikuwa amezima sauti ya simu. Kipimo cha simu iliyolala kilifanyika na kufaulu.* Chini yake, nafasi ya jina lake.

Kulikuwa na njia ya kutokea pale. Angeandika jina, Enos angemkumbatia, Burito angebaki mlevi wa mwaloni ambaye hakujali simu, na harusi ingefanyika. Nyangi aliiona njia hiyo vizuri, urefu wake wote. Akaona na ule mkono uliofungwa bandeji.

"Siwezi kusaini."

"Kwa nini?"

"Sikupima."

"Hukupima nini?"

"Ijumaa ile. Nilikuwa kwa Jenipher, nasukwa nije kwenu. Simu haikulala hata dakika moja. Nilikudanganya wewe, nikadanganya watu wote. Jumanne ndiyo nilipima. Haikulia."

Enos alikaa chini, pale pale kwenye vumbi. Rasta zilizofumuliwa zilikuwa zimerundikana miguuni mwa Nyangi, na wote wawili walizitazama hizo badala ya kutazamana.

"Nimemwita kaka yangu muongo," akasema. "Mbele ya mama."

"Najua. Nilikuwepo."

"Ulikuwepo! Umeshika uji, Nyangi!"

Nyangi akashusha kitana. Alitaka kusema nisamehe, akaona neno lenyewe dogo mno, akalimeza. Enos alisimama, akafunga kompyuta. Mama yake Nyangi alikuwa amemletea maji ya kunywa, akayashika, akayarudisha bila kunywa.

"Andika mwenyewe," akamwambia Nyangi bila kugeuka. Bodaboda ikawaka.

Nyangi aliandika jioni ile ile kwa simu, amekaa kwenye ngazi ya mlango. *Mimi Nyangi, mlaza simu, sikulaza simu. Niliandika nimepima, nikiwa sijapima. Kipimo nilichofanya baadaye kinaonyesha kengele haikulia. Mvuvi hakuzima sauti. Mvuvi alisema kweli.* Sera ilisema ripoti haimtaji mtu. Yeye alijitaja, kwa sababu alijua mwaloni hawasomi sera, wanataka jina, na afadhali liwe lake kuliko la Burito.

Prudence alimpigia kesho yake. Sauti yake haikuwa kali, na hilo lilikuwa baya zaidi. "Tumekuondolea kura, binti yangu. Utarudishiwa ukipima matoleo matatu chini ya jicho la mtu mwingine, mtu tutakayemkubali."

"Nani atakubali kukaa na mimi, mama?"

"Hilo sijui."

Wiki nne zikapita. Duka likafunguliwa, wanafunzi wakaja kutoa kopi, Jenipher akapita mlangoni bila utani. Nyangi alikata nywele zake fupi kabisa. Enos hakupiga, na yeye hakumpigia, maana aliona hana haki hiyo. Kila usiku kabla ya kulala alifungua ujumbe wa zamani, *Jicho, umekula?*, akaufunga.

Wiki ya tano Prudence akapiga tena. "Toleo jipya liko tayari, kasoro imerekebishwa. Na yuko mtu amejitolea kuwa jicho lako."

"Nani?"

"Burito."

Alifika Busekera saa moja na nusu asubuhi, gauni la kawaida la kahawia, kichwa kitupu, simu ya rababendi kwenye mkoba. Burito alikuwa amekaa barazani, mkono wa kulia mapajani, vidole vitatu. Mama alikuwa anachochea moto jikoni.

"Shikamoo mama."

"Marahaba," mama akaujibu moto.

"Kaa, shemeji," akasema Burito. "Kabla hujaanza, ile uliyoandika nataka uisome. Kwa sauti. Mama hajui kusoma, na majirani hapo wana masikio."

Akaisoma. Sauti ilikatika kwenye *mvuvi alisema kweli*, na Burito akamwambia arudie hapo. Akarudia. Wanawake wawili waliokuwa wanaanika dagaa upande wa pili wa ua waliacha kazi, wakasikiliza mpaka mwisho.

"Nimekukosea," akasema Nyangi. "Sina cha kukurudishia."

"Huna," Burito akakubali. "Na mimi sijakusamehe bado, nisikudanganye. Usiku hivi vidole visivyokuwepo vinanikuna. Nimekuita upime. Watu wanaingia na hiki kitu ziwani. Laza."

Saa mbili kamili akailaza simu ya rababendi juu ya kigoda, na ya Burito pembeni yake. Wakakaa. Kila baada ya muda Burito alisema, "Hujaigusa?" naye akajibu, "Sijaigusa." Jua likapanda. Hakuna aliyemletea hata maji, na hakuomba.

Ilipofika adhuhuri Enos akaingia uani. Alikuwa amevaa lile shati la drafti. Alimsalimia mama yake, akamshika kaka yake bega, kisha akakaa kwenye mkeka, mbali kidogo na Nyangi.

"Umenyoa," akasema.

"Nimenyoa."

"Zilikupendeza zile."

"Usiseme."

Akakwangua mkeka kwa ukucha. "Kuna kitu sikukwambia kule Butiama. Niliondoka na hasira, nikajiona mimi ndiye niliyedanganywa. Siku ile ya simu nilimsikia Jenipher anacheka. Nilisikia na mashine ya kukaushia nywele. Simu ya kupimia huwa haitokagi dukani kwako, naijua hiyo kuliko mtu yeyote, nimekaa nayo miezi yote ile. Nilijua uko saluni, Nyangi, hungeweza kuisikia ikilia. Nilijua, nikanyamaza, nikakwambia piga kura."

Nyangi aligeuka kumtazama kwa mara ya kwanza.

"Halafu nikamwita kaka muongo," Enos akaendelea, "kwa sababu kama yeye siyo muongo, basi ingebidi nikubali kwamba nilisikia. Nimeiongeza jana kwenye ripoti, mstari wangu. Prudence ameniondolea kura na mimi. Kaka nimemwambia juzi."

"Nilitaka kumpiga," akasema Burito. "Mkono ndiyo huu."

Hakuna aliyecheka, ila hewa ilikuwa imelegea kidogo. Enos alisogea kwenye mkeka, akakaa pale anapokaaga zamani, upande wa kulia wa Nyangi. Hakumshika mkono. Wakangoja saa mbili zilizobaki, watu watatu wanaangalia simu mbili zilizozimwa kioo.

Saa nane Nyangi akatuma tahadhari. Sekunde moja ikapita, ya pili. Simu ya Burito ikapiga kelele mpaka kuku wakatawanyika, na ya rababendi ikafuatia. Nyangi akaweka uso viganjani akalia, kilio kikubwa cha mtu aliyekibeba tangu Ijumaa ile ya saluni. Burito akaiacha simu yake ilie mpaka ikanyamaza yenyewe. Kisha akachukua kalamu kwa mkono wa kushoto, akaandika kwenye daftari la jumuiya alilotumiwa na Prudence, herufi zimelala huku na huku: *Nimeona kwa macho yangu.*

"Bado mawili," akamwambia.

Enos alingoja Nyangi afute uso. "Nyangi."

"Sema."

"Nikikuleta hapa, moja kwa moja, uwe wa nyumba hii. Utaweza kuishi na hawa watu, baada ya yote?"

Angeweza kusema ndiyo. Ndiyo ilikuwa imemjaa mdomoni. Alitazama jikoni, akatazama vidole vitatu juu ya daftari.

"Sijapima," akasema.

Enos akainamisha kichwa. "Na mimi? Mtu aliyesikia akanyamaza. Mimi utaniweza?"

"Sijapima, Enos. Ila nataka kupima. Na nikiona haifai nitasema haifai, hata kama mama yako ameshachinja kuku."

Enos alimtazama, machozi na kicheko vinagombania uso wake. "Hilo tu ndilo nililokuwa naomba," akasema. "Pima. Nangoja."

Jikoni mwiko uligonga sufuria mara mbili.

"Nyangi!" mama akaita. Ilikuwa mara ya kwanza siku hiyo kumtaja jina. "Njoo ushike sufuria, mikono yangu imechoka, na hawa watu hawajala."

Nyangi akasimama. Kwenda jikoni ilibidi apite mbele ya Burito, na Burito akausogeza ule mkono wa kulia kumpisha njia. Safari hii Nyangi hakukwepesha macho. Aliutazama vizuri, akapita.